Mimi ni mnene na nina mimba: je, presha itanipata?

Swali: Habari ya kazi, sista. Nina miaka 31, naishi Manyatta hapa Kisumu. Nina mimba ya pili, wiki ya 11. Nilipoenda kliniki mara ya kwanza nilipimwa nikapatikana na kilo 92, na urefu wangu ni mita 1.60. Mimba ya kwanza, miaka sita iliyopita, nilianza nikiwa na kilo 70 na sikusumbuka hata siku moja. Safari hii presha imesoma 142/88. Mkanda wa mashine ulikuwa unabanduka kila ukijaa hewa, ikabidi muuguzi aushikilie kwa mkono. Akaniambia mafuta ndiyo yanaleta presha, nipunguze mwili la sivyo nitashikwa na kifafa cha mimba. Lakini dada yangu mkubwa ni mwembamba kabisa, na yeye ndiye aliyeshikwa na kifafa alipobeba mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe naye anasema nikipunguza chakula nitamnyima mtoto. Nimsikilize nani? Na ni kweli mafuta ndiyo yanaleta?

Jibu: Dada, usimfuate yeyote kati ya hao wawili mzimamzima. Ni kweli mafuta ya mwilini yanaongeza uwezekano wa kupata presha katika mimba. Si kweli kwamba dawa yake ni kujikondesha sasa hivi. Ila kabla hatujafika kwenye mafuta, tuanze na ile 142/88 yako, kwa sababu mimi siiamini bado, na mengi katika mimba hii yataamuliwa kwa kuitazama namba hiyo.

Mkanda unaobanduka ni mkanda mdogo kwa mkono wako. Ndani yake mna mfuko wa hewa, na mfuko huo unatakiwa kuzunguka sehemu kubwa ya mkono. Ukiwa mfupi, mashine inabidi ijaze hewa nyingi kupita kiasi ndipo iweze kuubana mshipa, na nguvu hiyo ya ziada inasomwa kana kwamba ni presha yako. Huko Baltimore, Marekani, watu wazima walipimwa kwa mikanda ya ukubwa mbalimbali kisha majibu yakalinganishwa. Matokeo yalichapishwa 2023. Waliohitaji mkanda mkubwa, walipofungwa ule wa kawaida, namba yao ya juu ilizidi kwa karibu 5. Waliohitaji ule mkubwa kabisa, ilizidi kwa karibu 20. Maana yake mama mwenye 125 anaweza kurudi nyumbani ameandikiwa 145, analia, na mume anauza kuku kununua dawa ambazo hakuzihitaji.

Chukua tepu ya fundi wa nguo, uning'inize mkono, upime mzunguko wake katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima mara nyingi haufai mkono unaozidi sentimita 32 hadi 34 hivi. Mipaka yake huwa imechapishwa kwenye mkanda wenyewe, uisome. Andika kipimo cha mkono wako kwenye jalada la ndani la kitabu cha Mama na Mtoto. Siku ya kliniki sema tu, "Sista, mkono wangu ni sentimita 37, naomba nipimwe kwa mkanda mkubwa." Hutakuwa umemkosea mtu adabu. Zahanati ndogo ikiwa haina, nenda upimwe hospitali kubwa. Na kama hakuna kabisa, mhudumu anaweza kufunga mkanda wa kawaida chini ya kiwiko, mradi aandike kwamba alipima hapo, na safari zote zijazo upimwe hapo hapo.

Tena usipimwe umeshuka boda boda sasa hivi baada ya kusimama foleni juani. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inafanya kazi. Najua kliniki zetu zilivyo: mama hamsini, wauguzi wawili, benchi moja. Lakini hizo dakika tano ziombe.

Nashikilia habari ya mkanda kwa sababu hii. Presha inayoletwa na mimba huanza baada ya wiki ya 20. Wewe uko wiki ya 11. Ukipimwa vizuri, siku mbili tofauti, na bado namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, basi hiyo si presha ya mimba. Ulikuwa nayo tangu zamani bila kujua, kama walivyo Wakenya wengi ambao hawajawahi kufungwa mkanda huo mpaka siku wanapougua au kubeba mimba. Hiyo haiachwi kusubiri kujifungua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, wenye wanawake zaidi ya 2,400 waliobeba mimba wakiwa tayari na presha, ulionyesha kwamba kuitibu hadi ishuke chini ya 140/90 kunapunguza madhara makubwa kwa mama na kuzaa njiti, wala hakumdumazi mtoto tumboni. Dawa zinazotumika ni kama methildopa, nifedipini na labetaloli. Enalaprili na losartani, ambazo huenda jirani au mama mzazi anazo kwenye mkoba, hazifai kabisa kwa mwenye mimba, usikubali kugawiwa.

Ikisoma 120 na kitu kwa mkanda sawasawa, shukuru, lakini usiishie hapo.

Sasa mafuta. Ukigawanya kilo zako kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 92 kwa 2.56, unapata karibu 36. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mimba ya kwanza ulianzia karibu 27. Hauko peke yako: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au ni wanene. Na kila kipimo hicho kinapopanda kwa 5 hadi 7, uwezekano wa presha kali ya mimba, ile tunayoiita preeklampsia, unakaribia kuongezeka mara mbili. Hesabu hiyo inatokana na mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2003, na waliokuja baadaye hawajaipinga.

Unasema mara ya kwanza hukupata. Ni habari njema, kwani aliyepita mimba ya kwanza salama huwa na nafasi nzuri ya kupita ya pili. Ila mwili ulioipita mimba ile si huu wa leo. Sweden waliwafuata wanawake zaidi ya 150,000 kutoka mimba ya kwanza hadi ya pili. Wale ambao kipimo hicho kilipanda kwa 3 au zaidi katikati ya mimba hizo mbili walikuwa na uwezekano wa kupata preeklampsia uliozidi kwa karibu asilimia 78 ule wa wenzao ambao uzito wao haukubadilika. Chako kimepanda kwa karibu 9. Kilo 22 kwa miaka sita si ajabu, huingia kidogo kidogo, kilo tatu na ushei kwa mwaka, hata nguo zinashonwa upya bila mtu kushtuka.

Lakini sikiliza upande wa pili pia, maana yule muuguzi hakukuambia. Duniani, preeklampsia huzipata mimba 2 hadi 8 katika kila 100. Hata idadi hiyo ikizidishwa mara mbili au tatu kwa ajili ya unene, bado wanawake wengi wenye mwili kama wako, na kama wangu, hujifungua bila kuipata. Neno lile "la sivyo utashikwa na kifafa" lilikutisha kupita ushahidi. Na mama aliyetishwa mara nyingi hujificha. Anaruka kliniki mbili ili asigombezwe juu ya mizani, na hizo mbili ndizo presha ilipopandia. Kwa maoni yangu kugombeza wanene kliniki kunaua zaidi ya mafuta yenyewe, ingawa sina namna ya kulithibitisha hilo kwa takwimu.

Mafuta yenyewe pia hayalingani. Yaliyo chini ya ngozi, kwenye nyonga, makalio na mapaja, hayana fujo kubwa. Yenye fujo ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo. Huko Glasgow walipima kiuno cha wanawake zaidi ya elfu moja kabla ya wiki ya 16, wakaona kwamba waliofikia sentimita 80 na zaidi walipata presha ya mimba kwa kiasi cha mara mbili ya wenzao. Nyonga pana zinazosifiwa huku kwetu kwenye harusi, basi, zisifiwe tu. Kitambi ndicho cha kutazama.

Yale ya tumboni hayakai kimya yakisubiri njaa ije. Yanamwaga ndani ya damu kemikali za kuwasha mwili, yanapandisha homoni fulani na kushusha nyingine ambazo zingelinda mishipa, na yanaufanya mwili usiitii insulini, homoni inayoshusha sukari. Miaka ikienda, utando laini wa ndani ya mishipa ya damu unachoka: unapotakiwa kulegea haulegei vizuri. Mtu hajisikii chochote. Kisha mimba inakuja na damu inaongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, ipite katika mishipa hiyo hiyo.

Hapa ndipo habari ya dada yako inapoingia, na swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani. Chanzo cha preeklampsia kiko kwenye kondo la nyuma. Katika miezi ya kwanza, chembe za kondo hupenya kwenye mishipa midogo ya ukuta wa kizazi na kuipanua, ili damu ya mama imfikie mtoto kwa wingi. Kazi hiyo huendelea mpaka karibu na wiki ya 20. Kwa wanawake wengine inafanyika nusunusu, mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linaanza kumwaga katika damu ya mama protini zinazoibana mishipa yake yote. Presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, uso unavimba, ini linaumia, na ubongo ukifikiwa ndipo degedege linapokuja, ambalo ndilo kifafa cha mimba. Kondo linaweza kushindwa kazi hiyo kwa mwanamke wa kilo 50, hasa mimba ikiwa ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa dada yako. Yeye alikuwa na kondo baya katika mishipa mizuri. Mwenye mafuta mengi tumboni anaweza kuwa na kondo lenye kasoro ndogo tu, lakini mishipa yake ilikwisha kuchoka, na nyavu iliyochakaa hukatwa hata na ngege mdogo. Kwa hiyo si kwamba mafuta ndiyo yanaleta. Mafuta yanaipunguzia mishipa uwezo wa kustahimili kile ambacho kondo limeleta.

Na habari ya dada yako haiishii kwenye kueleza tu. Mtu wa tumbo moja nawe akiwa ameipata, hatari yako inapanda hata ungekuwa mwembamba. Mwambie daktari, maana nina hakika kwenye kitabu chako cha kliniki hakuna mahali palipoandikwa. Ukijumlisha hilo na kipimo chako cha 36, una sababu mbili, na kwa mwongozo wanaoufuata Uingereza sababu mbili za namna hiyo zinatosha mama kuanzishiwa aspirini kidogo kidogo kila siku. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kwa wenye hatari kubwa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa uliharakishe kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu lina muda wake: huanzishwa kuanzia wiki ya 12, na inafaa zaidi ikiwa imeanza kabla ya wiki ya 16, wakati kondo bado linaichimba mishipa. Uko wiki ya 11. Usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Mwaka 2017 utafiti mkubwa uliofanywa nchi kadhaa uliwapa wanawake wenye hatari kubwa miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36, na preeklampsia ile mbaya zaidi, inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki ya 37, ikapungua kwa asilimia 62. Ile ya mwishoni, baada ya wiki ya 37, haikupungua kwa kiasi cha kujivunia, na sisi wenye miili mikubwa wengi huipata hiyo ya mwishoni. Kwa hiyo aspirini haikufungulii ruhusa ya kuruka kliniki. Kiasi cha aspirini aamue daktari. Usinunue tu zile za miligramu 300 za kuumwa na kichwa dukani ukazikata vipande, na kama una vidonda vya tumbo, pumu inayochokozwa na aspirini, au umeona damu katika mimba hii, sema kabla ya kuandikiwa.

La pili ni kalisiamu. Wanawake wengi wa kwetu wanakula kidogo mno, na upungufu wake unajulikana kuchangia presha ya mimba. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, vidonge vingi ambavyo mama huchoka navyo wiki ya pili. Mapema 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa India na hapo Dar es Salaam, wanawake 11,000 kila upande, na miligramu 500 kwa siku hazikushindwa na 1,500 katika kuzuia preeklampsia. Kidonge kimoja kinamezeka. Usikimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, vinagombana tumboni. Kimoja asubuhi, kingine jioni. Na hapa Kisumu mungu ametupa omena, yaani dagaa, anayeliwa na mifupa yake yote. Omena, maziwa lala, na mboga za kienyeji kama dek (mgagani) na osuga (mnavu), hivyo ndivyo vyakula vya kalisiamu, wala si ghali kuliko soseji.

Ninapogusia chakula najua mama mkwe ameegemea mlangoni anasikiliza. Mpe heshima yake, anachoogopa kina msingi: mwenye mimba asijinyime chakula. Usifunge, usiruke mlo, usinunue zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni, nyingi ni dawa za kuharisha tu. Kujikondesha wakati wa mimba hakujaonekana kuzuia presha, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Lakini "kula kwa ajili ya wawili" nako hakupo. Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada hata kidogo. Baadaye nyongeza inayotakiwa kwa siku ni kama chapati moja na kikombe cha maziwa. Kwa mwenye kipimo cha 30 na zaidi, mwongozo wa Marekani wa 2009 unapendekeza aongeze kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima, kwa hiyo ukifika leba na kilo 97 au 101 utakuwa umefanya vizuri sana.

Kwa vitendo ni hivi. Soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko vinane vya chai, na haimpi mtoto kitu. Iache kabisa, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Chai ya maziwa kunywa, sukari ipungue kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Ugali usiukimbie, ila kipande kiwe cha ngumi yako na mboga ndiyo ijaze sahani. Samaki wa kuchemsha au wa kuchoma mara nyingi kuliko wa kukaangwa kwenye mafuta yaliyopikiwa tangu juzi. Mandazi na chipsi za jioni pale stendi, wewe mwenyewe unajua. Mama mkwe akitaka kukupikia, mwombe apike omena na osuga kila jioni. Atakuwa ameridhika kwamba unakula, nawe utakuwa unakula kinachofaa. Odowa, ule udongo wa kutafuna, acha, unakuibia damu. Chumvi usiibadilishe kuwa vita; kukata chumvi kwa ajili ya kuzuia preeklampsia kulishajaribiwa na hakukusaidia, ingawa hakuna anayehitaji kuongeza chumvi mezani juu ya kiungo cha pakiti kilichokwisha kuwa na chumvi nyingi.

Tembea. Nusu saa, siku nyingi za wiki, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Jua la Kisumu halina huruma, kwa hiyo toka saa kumi na mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Wanaofanya mazoezi ya namna hiyo katika mimba hupata presha kidogo kuliko wasiofanya, hata pale mizani inapokataa kusonga. Na uombe kupimwa sukari sasa, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28, kwa sababu kisukari cha mimba hupenda kutembea pamoja na presha katika miili kama yetu.

Kuanzia wiki ya 20 presha yako iwe inatazamwa mara nyingi kuliko ratiba ya kawaida ya mahudhurio manane, angalau kila wiki mbili au tatu, na kila wiki ukikaribia mwisho, pamoja na kupimwa protini kwenye mkojo. Mkojo huwa wanausahau, uwakumbushe. Katikati ya kliniki, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kukupima nyumbani. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu hao mikoba yenye mashine ya presha. Mwonyeshe ile sentimita ya mkono uliyoandika. Kila namba iingie kwenye kitabu, na tarehe.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe: kichwa kinachouma na hakisikii dawa, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, uso na vidole kuvimba ghafla, kukosa pumzi, mtoto kupunguza kucheza, au mizani kuruka kilo moja na zaidi ndani ya wiki moja katika miezi ya mwisho. Hiyo ya mwisho ni maji, si mafuta, na wanene ndio wanaodanganyika nayo. Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida ya mimba. Ukiona mojawapo ya zile nyingine, usiende kuuliza kwa jirani wala kulala kwanza. Presha ya 160 juu au 110 chini ni dharura ya saa ile ile, hata kama husikii kitu. Nenda moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji na dawa ya magnesiamu salfeti; kwa wewe wa Manyatta hiyo ni Jaramogi, au Russia kama wengi mnavyoiita, au hospitali ya kaunti mjini. Dawa hiyo ya sindano ilipojaribiwa katika nchi 33, matokeo yakatoka 2002, ilipunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Weka namba ya mtu wa tuktuk anayeamka usiku, na mume aijue.

Ukishajifungua, watu wataondoa macho kwako wamtazame mtoto. Presha nyingi hupanda siku ya tatu hadi ya sita baada ya kuzaa, wakati mama yuko nyumbani na wageni wamejaa, na kifafa kinaweza kuja hata mama akiwa hakuwa na presha leba. Pimwa kabla ya kuruhusiwa kutoka, pimwa tena ndani ya wiki hiyo ya kwanza, na zile dalili za kichwa na macho zina uzito ule ule mpaka wiki sita zipite. Ukienda hospitali siku hizo, jambo la kwanza kusema mlangoni ni kwamba umezaa juzi. Kwa vile huna tumbo tena, hakuna atakayekisia.

Baada ya hapo ndipo wakati wa kupunguza mwili unapofika, ule ambao muuguzi wako aliuharakisha. Nyonyesha, endelea na matembezi na ile sahani ya ugali wa ngumi, na uyape mambo miezi, si wiki. Ruhusu angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Na unapochagua njia ya kupanga uzazi, mwambie mkunga historia ya uzito wako, kwa sababu sindano ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake kilo nyingi, na vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha. Koili ya shaba haina homoni, haigusi mizani wala presha. Iulizie ukienda kliniki ya wiki ya sita.